Barua kwa wifi yangu: Yaakub naye alilia

Wifi yangu,

Najua tangu tumzike mwanao simu hupokei, na ujumbe unausoma bila kujibu. Sikulaumu. Naandika hapa kwa kuwa uliniruhusu ilimradi nisitaje majina, na kwa kuwa hayo unayoambiwa wewe, kwamba machozi ni upungufu wa imani, wameshaambiwa kina mama wengi waliozika watoto wao, wakanyamaza kwa adabu tu.

Usiku wa khitma, sisi tumekaa ndani kwenye majamvi, wanaume nje chini ya turubai, kipaza sauti kikatuletea kisa cha Ummu Sulaim, mwanamke wa zama za Mtume. Sijui kama kuna matanga ya mtoto hapa Tanga ambayo kisa hicho kimekosekana. Mwanawe alifariki mumewe Abu Talha akiwa hayupo. Aliporudi, mama yule akampa chakula, akajipamba, na baadaye ndipo alipomuuliza: watu wakikuazima kitu chao kisha wakakitaka, utawanyima? Kisa ni sahihi, kimo katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim, na mwanamke yule hana mfano. Sina ugomvi naye hata kidogo. Ninachogombea ni kile kilichofuata mle ndani. Vichwa viligeuka, macho yakakuelekea wewe uliyekuwa umejiinamia kwenye kanga yako, kana kwamba ustadhi ametoa mtihani na wewe umeshafeli.

Mbona hakuna aliyesoma Surat Yusuf mpaka mwisho? Yaakub alipoletewa kanzu ya mwanawe Yusuf yenye damu ya uongo alisema subira ni njema. Aya hiyo tunaijua wote, tumeitundika ukutani. Miaka ikapita, akapotezwa mtoto mwingine, na Qur'ani inatuambia aligeuka kando akasema, "Oo, masikitiko yangu kwa Yusuf!", macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Ni mtu yule yule, tena nabii. Wanawe wakamwambia kama unavyoambiwa wewe: hutaacha kumtaja Yusuf mpaka uugue, au uangamie kabisa? (Na angalia ni akina nani waliosema maneno hayo. Ni wale wale waliomtumbukiza ndugu yao kisimani.) Akawajibu kwamba yeye anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake na sikitiko lake. Hakusema ameacha kuhuzunika. Alisema tu anampelekea nani.

Nakutajia hilo kwa sababu ya jambo uliloniambia jikoni, kwamba swala tano unaswali, ila ukishatoa salamu hukai tena kuomba. Tangu akiwa mchanga uliomba apone, na sasa hujui uombe nini. Mimi si mwanachuoni, lakini naona kukaa pale kwenye msala ukasema "Mola wangu, naumia, na wewe unajua" ni dua. Yaakub hakuwa na zaidi ya hiyo.

Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alifiwa na watoto wake wote isipokuwa Fatima. Ibrahim, mwanawe aliyezaa na Mariya, alifariki Madina mwaka wa 10 Hijria, hata miaka miwili hajatimiza. Mtume alimshika akiwa anakata roho, machozi yakamtoka. Sahaba wake Abdurrahman bin Auf akashangaa: hata wewe, ewe Mtume wa Allah? Akamjibu kuwa hiyo ni rehema. Kisha akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Mpaka umewekwa hapo. Kujipiga mashavu, kuchana nguo, kupiga mayowe ya kijahilia, hayo yamekatazwa, na wewe hukuyafanya. Nilikuwa ubavuni pako.

Mama naye, Mungu amsamehe, alikwambia ukilia unamtesa mtoto kaburini. Maneno hayo yanatokana na hadithi, hakuyazua. Ila Bibi Aisha, mke wa Mtume, alipofikishiwa habari hiyo hakukubali ichukuliwe hivyo, akasoma aya isemayo mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Na wanavyuoni wengi waliifasiri kuwa ni kwa maiti aliyeusia aombolezewe kwa mayowe. Mtoto wetu aliusia nini? Aliusia daftari zake apewe mdogo wake.

Na zile siku tatu unazohesabiwa, ati huzuni iwe imekwisha. Kilichowekewa siku tatu kwa asiyefiwa na mume ni kukaa bila mapambo na manukato. Ndiyo maana Ummu Habiba, naye mke wa Mtume, alipofiwa na baba yake, siku ya tatu aliomba manukato akajipaka, na akaeleza kuwa hana haja nayo ila anafuata agizo. Huzuni ya moyoni haikupewa tarehe ya mwisho.

Sasa nije kwenye lile linalonitia hasira. Siku ile aliyofariki Ibrahim jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Hebu fikiri, baba ametoka kuzika, mbingu imeingia giza, na umma mzima unamwambia mbingu zinamlilia mwanawe. Angeweza kunyamaza tu. Akawaambia jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Mimi huwa narudi kwenye hadithi hiyo kila nikisikia upuuzi wa mtaani kwetu: mara bundi alilia juu ya paa, mara ni wanga, mara kaka, mumeo, amejenga juzijuzi basi atakuwa kamtoa mwanawe kafara. Wanaosema hayo ndio hao hao wanaokupima imani kwa machozi.

Lingine wanalisema kwa kunong'ona, nami nalijibu kwa sauti, kwa kuwa linatoka kwa mashangazi wa upande wetu: ati ugonjwa umetoka kwenu. Selimundu, ugonjwa wa damu aliokuwa nao mwanao, haitoki upande mmoja. Mtoto haugui mpaka arithi vinasaba vyake kwa baba na kwa mama. Maana yake kaka anacho kinasaba hicho, na kama anacho, mimi mwenyewe huenda ninacho, na hao mashangazi wanaonong'ona huenda wanacho. Anayebeba kimoja kwa kawaida haugui, na malaria haimshambulii vikali kama wengine. Ndiyo sababu ugonjwa huu uko zaidi kwenye nchi zenye malaria kama yetu. Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 hivi kila mwaka wenye selimundu. Hakuna aliyelaani ukoo wa mtu.

Wewe ndiye uliyejifunza kuyatazama macho yake asubuhi kama yamekuwa ya njano. Ulijua maumivu ya mifupa yataanza kabla yeye hajasema, ulimsukumia maji anywe, ulizunguka kwa ndugu kutafuta wa kutoa damu. Alifika kidato cha tatu. Watu wanaona kifo tu, wanasema dua zako hazikujibiwa. Mimi naona miaka yote ile aliyoishi, na sioni kwa nini isihesabiwe kuwa ni jibu. Huenda usikubaliane nami, wala sitakushikilia.

Kuhusu kaka. Amehamia msikitini, harudi mpaka baada ya isha, na wewe unadhani yeye amepona peke yake na kukuacha nyuma. Hajapona. Anakaa kule kwa sababu huku nyumbani viatu vya shule bado viko mlangoni, na hakuna anayethubutu kuviondoa. Alilelewa kwamba mwanamume hulia gizani. Nimemwambia kisa cha Ibrahim, akaitikia kwa kichwa tu, kama kawaida yake.

Lakini moja amekubali. Uliomba upelekwe kaburini na ukaambiwa mwanamke haendi. Wanavyuoni wamehitilafiana katika hilo, na wanaokataza wana hoja zao. Walioruhusu nao wanazo, mojawapo ni yule mwanamke aliyekutwa na Mtume akilia kaburini. Alimwambia amche Allah na asubiri, hakumwambia toka hapa. Tena mwanamke yule, kwa kutomjua, alimjibu kwa ukali: niondokee, hujafikwa na msiba wangu. Hakugombezwa. Kaka atakupeleka Ijumaa asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Mama nimezungumza naye. Hajafurahi, ila hatazuia.

Na Jumamosi nakuja kumchukua binti yako. Posa zimeanza kuulizwa, na hajawahi kupimwa kama anabeba kinasaba cha selimundu. Apimwe sasa, na atakayemposa naye apimwe kabla ya mambo kufika mbali. Mimi nitapimwa pamoja naye, nimeshawaambia mashangazi waje nao, tuone watakaojitokeza. Usipike, nitakuja na chakula.

Wifi yako