Kwa mdogo wangu uliyesema nimekuzibia njia

Mdogo wangu,

Mama Mdogo amenisomea ujumbe wako kwenye simu. Unahitaji cheti cha kifo cha Mama kwa ajili ya maombi ya mkopo, na umemwambia akiombe "kwa huyo mwenye vyeti". Sawa. Mwenye vyeti ndiye mimi. Na kwa kuwa simu zangu hupokei na WhatsApp umenifungia, naandika hapa, maana najua wenzako watakuonyesha kabla jua halijazama.

Hongera kwanza, kwa kuwa siku ile sikupata nafasi ya kuitoa. Divisheni ya pili, pointi 10. Historia C, Kiswahili C, Kiingereza D. Nadhani niliyaona matokeo kabla yako. Namba yako ya mtihani ninayo kichwani kuliko namba yangu ya NIDA. Mteja aliyekuwa anasubiri kopi ya leseni aliniona najifuta macho kwa mtandio, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimefaulu. Akacheka, alidhani nimekosea kusema.

Unajua stesheneri yangu inavyokuwa Julai na Agosti. Vijana wanajipanga tangu asubuhi, kila mmoja na namba yake ya mtihani na shilingi elfu kumi ya ada ya maombi. Nawafungulia akaunti, nawasomea vigezo vya kila kozi, nawaambia ukweli ambao shuleni hawakuambiwa. Watoto wa watu. Wa kwetu yuko Muheza, anafanyiwa maombi na kijana wa kibanda cha vocha.

Basi ngoja nikwambie ninachowaambia wao.

Ili uombe shahada, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inataka prinsipo mbili, yaani masomo makuu mawili ya Kidato cha Sita uliyofaulu, zenye jumla isiyopungua pointi nne. Hizi si zile pointi za divisheni: A ni tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. C zako mbili peke yake ni sita. Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia umefeli, wala wewe mwenyewe usijisikilize ukianza kusema hivyo. Chuo unaingia. Usichoingia ni ile kozi uliyoing'ang'ania. Uchumi, uhasibu, fedha na nyingi za upande ule, ukifungua mwongozo wa TCU utakuta mstari wa chini ambao watu huuruka: kama Hisabati si moja ya prinsipo zako, basi uwe na sabsidiari ya BAM, lile somo la ziada la hisabati, au uwe umefaulu Hisabati Kidato cha Nne. Kuna vyuo vinavyoridhika na D, kuna vinavyotaka C. Wewe una F. Na HKL uliyosoma, Historia, Kiswahili na Kiingereza, haina BAM.

Ndiyo sababu ukaona univue nguo mbele za watu.

Nani alikaa wapi siku ya arobaini ya Mama unajua. Khitma imekwisha, sinia za pilau zimeondoka, Baba Mkubwa akauliza tu, kwa wema wake, "Huyu kijana sasa anakwenda kusomea nini?" Ukamjibu: "Muulizeni Dada, yeye ndiye anayenichagulia. Aliniibia HGE yangu akanipa HKL, leo njia imezibwa." Na wakati unasema hayo, ukiililia HGE, kombi ya Historia, Jiografia na Uchumi, ulikuwa unajipepea kwa karatasi ya matokeo yako. Karatasi niliyoichapa mimi, nikaipiga laminesheni, nikaja nayo kwa basi kutoka Morogoro ili wazee waione. Hukuangalia hata upande wangu. Ulikuwa unajipepea tu.

Hakuna aliyesema neno. Bibi akaomba maji, na maji yalikuwa mbele yake. Halafu Shangazi, wakati namsindikiza stendi, akanishika mkono akaniuliza taratibu, "Kwani mwanangu, hiyo HGE ilikuwa shilingi ngapi?" Umenielewa? Kuna watu wa ukoo wetu hadi leo wanaamini nimekula hela za yatima.

Sasa na mimi niseme, na mnaosoma haya yasiyowahusu mtanivumilia.

Matokeo yako ya Kidato cha Nne yalipotoka, Tamisemi walifungua Selform, ile fomu ya mtandaoni ya kuchagua kombi, ili wenye kutaka kubadili kombi wabadili. Wewe ulikuwa umejaza HGE. Ulikuwa Lushoto kwa Mjomba, simu haipatikani, na dirisha lilikuwa linakaribia kufungwa. Nywila ninayo mimi, kwa sababu akaunti nilikufungulia mimi. Nikamuuliza Mama. Mama akasema, "Hayo unayajua wewe." Nikabadilisha. Ningefanya nini? Baba hayupo, ada nalipa mimi, godoro la bweni nanunua mimi, halafu ikifika kwenye kuamua niwe mtu baki?

Na sikubahatisha. Nilikuwa na matokeo yako mbele yangu: Kiswahili B, Historia C, Kiingereza C, Hisabati F. Uchumi wa Kidato cha Tano una grafu na mahesabu yake, na juu yake HGE inabeba BAM. Nimewaona wengi wanaokwenda huko na F ya Hisabati. Wanarudi na F nyingine ya BAM, na divisheni imeshuka. Nilikupeleka kwenye nguvu zako. Mzazi yeyote angefanya hivyo.

Najua utakachosema. Utamtaja yule mliyekaa dawati moja, mwenye F kama yako, aliyekwenda HGE na sasa ana S ya BAM. Ndiyo, S, ule ufaulu wa sabsidiari, inayoanzia alama 35, na ndiyo, kwa kozi nyingi S hiyo moja inaziba pengo la Hisabati ya Kidato cha Nne. Ameomba Uchumi. Najua kwa sababu maombi yake nimemjazia mimi, alikuja hapa na mama yake na soda mkononi. Lakini uliuliza prinsipo zake? Ana pointi nne kamili, hana hata nusu ya kuongezea. Ungependa uwe wewe? Usinijibu.

Hata hiyo F yenyewe mbona hatuisemi ilikotoka. Mwalimu wa Hisabati alihamishwa mkiwa Kidato cha Pili, mkakaa na kijana wa kujitolea ambaye alikuwa anafundisha na Fizikia na kupiga kengele. Nchi nzima iko hivyo: matokeo ya 2023 waliofaulu Hisabati walikuwa kama robo tu ya watahiniwa. Hilo sikulaumu. Lakini nilikulipia tuisheni, na hela ya tuisheni nasikia ilikuwa inachangia jezi. Hili nimelijua msibani, marafiki zako wanalihadithia kama kichekesho.

Na kinachoniuma ni kwamba wewe hesabu unazijua. Nani alikuwa anasimama na Mama msimu wa machungwa, malori yamejaa barabarani? Mnunuzi anataja bei ya mia, anataka apunguziwe yaliyobonyea, anachanganya makusudi ili Mama achoke, na wewe kaptula imechanika unamwambia, "Mzee, bado elfu nne na mia tano." Daftari la madeni ulikuwa unalisoma kama msahafu. Mama alikuwa anasema huyu ndiye atakayetutoa. Mimi nikiwa nimesimama pale pale, nimeshamaliza shule, namsikia.

Haya. Tuendelee.

Kama Uchumi au Uhasibu ndio unaoutaka kweli, na si kunikomoa, njia zipo ila ni ndefu. Unaweza kurudia Hisabati peke yake kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, mtihani Novemba, matokeo Januari. Usajili wa mwaka huu umeshafungwa, kwa hiyo ukianza Januari ijayo utafanya mtihani Novemba yake, na maombi ya chuo utayatuma Julai inayofuata. Nilikuwa nataka kukwambia haya mapema, lakini mtu anamwambiaje mtu asiyepokea simu?

Mtihani wenyewe nimeuangalia, usinicheke. Karatasi ni moja. Sehemu ya kwanza ina maswali kumi ya alama sita sita, ya pili maswali manne ya alama kumi kumi. D inaanzia 30. Ukipata maswali matano ya sehemu ya kwanza, matano tu, yakanyooka, umeshafika. Na humo kuna uwiano, faida na hasara, na kuna zile hesabu za biashara, leja na urari. Yaani kuna alama wanakusubiri nazo kwa kazi uliyokuwa unaifanya bure barabarani. Seti na logi utazizoea ukikaa chini. Wanaotaka C wanataka 45, hapo inabidi uongeze takwimu na matriki, na uache mpira.

Njia nyingine ni stashahada ya uhasibu. Kwa matokeo yako unaingia, ni miaka miwili, na ukitoka na GPA ya 3.0 unaomba shahada kwa njia hiyo. Ukiniuliza mimi, na najua huniulizi, muda ni karibu ule ule wa kurudia mtihani, lakini huku unatoka na kitu mkononi hata chuo kikikukatalia. Ila kabla hujalipa, uliza chuo cha shahada unachokitaka kama bado kitaiangalia Hisabati yako ya Kidato cha Nne. Waandikie. Usiulize kwenye magrupu.

Na huyo kijana wa vocha anayekwambia kuna mtu Dar anaweza "kurekebisha" F ikawa D, mwambie akae na mtu wake. Ukiingiza namba ya mtihani, mfumo wa chuo unavuta matokeo moja kwa moja kutoka NECTA, Baraza la Mitihani. Karatasi yako hawaiangalii. Utapoteza hela, na mwishowe utapoteza na cheti chenyewe.

Mimi ningeomba Sheria mwaka huu. Humo wanatazama prinsipo zako, F ya Hisabati haiwahusu. Ualimu wa Kiswahili na Historia nao uko wazi, Sosholojia pia. Najua ualimu huutaki, ulishasema hutaki kufa na chaki. Lakini Sheria! Mtu aliyeweza kunishtaki mbele ya ukoo mzima, bila ushahidi, na nusu ya wazee wakakuamini, anashindwaje Sheria? Hapo natania. Nusu natania.

Omba vyuo zaidi ya kimoja. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja watakutumia namba ya kuthibitisha kwenye simu, uthibitishe kimoja ndani ya muda wao. Kwa hiyo tumia laini yako mwenyewe, usitumie ya kijana wa vocha. Nimeona watu wamekosa nafasi kwa sababu namba ilikwenda kwa mtu mwingine na mtu mwingine yuko shamba.

Kuhusu cheti. Cha Mama kipo, cha Baba kipo, na cha kwako cha kuzaliwa kipo. Vyote nimeshavifanyia uhakiki RITA, kwenye wakala wa vizazi na vifo, tangu wiki ile ile niliyorudi kutoka Muheza, wakati bado sijaacha kulia kwa ulichonifanyia, kwa sababu nilijua Bodi ya Mikopo watavitaka na nilijua wewe hutakumbuka. Mwizi wa HGE ndiye amelipia. Mama Mdogo simpi. Basi linalofika Msamvu unalijua, duka unalijua, na nauli nikisikia huna nitatuma kwa namba ya Bibi.

Ukija, Sheria weka Mzumbe na Dodoma, na kimoja cha tatu utakachopenda wewe, sitaingilia. Hizo ada za maombi nitalipa mimi. Lakini ukiweka Uchumi mwaka huu na F yako, kwa ukaidi tu, ili nionekane mimi ndiye mbaya, hiyo elfu kumi jilipie mwenyewe.

Dada yako