Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wa Jiji la Arusha: akifungwa, kosa liwe lake

Yah: gemu za video kuingizwa kwenye kalenda ya michezo ya jiji

Ndugu Afisa Michezo,

Salaam. Kila ukumbi unapoombwa kwa ajili ya gemu, swali ni lilelile: huo ni mchezo gani mtu ameketi? Hoja ya jasho haifiki mbali. Bao, karata na drafti zimo kwenye michezo ya wafanyakazi ya Mei Mosi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua sataranji mwaka 1999. Kwenye Michezo ya Asia, gemu zilikuwa za maonyesho tu Jakarta 2018. Zilipofika Hangzhou, mashindano yaliyofanyika 2023, zikatoa dhahabu 7 zilizohesabiwa jedwali moja na za riadha.

Kipimo chetu ni kingine: mtu akifungwa, kosa liwe lake. Likiwa la TV au la padi, yaani kidude cha mkononi cha kuchezea, hiyo ni bahati nasibu. Na tusifichane, kwa kipimo hicho vibanda vingi vya gemu vya Ngarenaro na Unga Limited bado.

Chukua TV. Gemu ya mpira huenda fremu 60 kwa sekunde, kila fremu kama milisekunde 17. TV nyingi huipamba picha kwanza ndipo ziionyeshe. Ile hali ya gemu isipowashwa kwenye mipangilio ya picha, picha inaweza kuchelewa milisekunde 100, yaani fremu 6. Umeshabonyeza beki ateleze, mshambuliaji keshapita. Anayeshinda kibandani hapo kila siku amezoea kubonyeza mapema. Mgeni kutoka Moshi ataonekana hajui kitu.

Padi ndiyo yenye vituko zaidi. Ndani ya kijiti cha kumwongozea mchezaji kuna ukanda wa kaboni unaosuguliwa kila ukikisukuma. Ukilika, au vumbi likiingia, mchezaji kwenye skrini anajiendea mwenyewe na vidole umeshaondoa. Refa aiweke padi mezani sekunde 10 kabla ya mechi na kutazama tu; mchezaji akisogea, padi ibadilishwe. Halafu padi isiyo na waya hukumbuka mashine ya gemu ya mwisho iliyounganishwa nayo. Mtu aliye benchi akigusa kitufe cha katikati, mechi ya meza nyingine inasimama. Wengi hudhani dawa ni waya. Kwenye mashine ya PlayStation 4 (PS4) waya peke yake hautoshi: padi inachaji, lakini inaendelea kuzungumza na mashine kwa Bluetooth mpaka uingie kwenye mipangilio na kubadili njia ya mawasiliano iwe USB.

Timu zichaguliwe nje ya mtandao, na wote wawili waruhusiwe kuchukua timu ileile. Ule mtindo wa kununua wachezaji kwa pesa halisi usiruhusiwe kabisa.

Ratiba haitishi. Wachezaji 16 kwenye makundi manne wana mechi 24. Ukiongeza robo fainali, nusu, mshindi wa tatu na fainali zinafika 32. Kwa vipindi vya dakika 6, pamoja na kupishana viti, kila mechi ipe dakika 20. Meza nne zinamaliza kwa raundi 9, saa tatu kamili. Mashine na TV ya kila meza hula wati 200 hivi, kwa hiyo jenereta ya kVA 2 inatosha meza zote. Lakini hadi jenereta iwake, mashine zimeshazima na mechi imepotea, ndiyo maana kila meza inahitaji UPS yake, betri inayoshika umeme ukikatika. Refa pia aandike kila goli na dakika yake kwenye karatasi, ili mechi ikikatika zichezwe dakika zilizobaki tu.

Mambo mawili ya kisheria. Gemu ina mwenyewe. Mpaka 2023 gemu ya mpira ya kampuni ya EA ilibeba jina la FIFA. Mwaka uliofuata FIFA ikaendesha kombe lake kwa gemu ya kampuni nyingine, Konami. Kanuni za jiji zisifungwe kwenye jina la gemu moja. La pili ni dau. Wachezaji wakichanga na mshindi akabeba chungu, hapo tunaingia kwenye eneo la Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na anayetufananisha na mashine za kamari za dubwi atakuwa na haki. Zawadi itoke kwa mfadhili na itangazwe kabla.

Meza, mashine, UPS na padi za akiba tutaleta. Tunaomba ukumbi wa jiji Jumamosi moja, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, saa ya kwanza ikiwa ya kukagua vifaa. Na tunaomba mtu mmoja wa ofisi yako aje akae meza ya refa, yeye ndiye ashike kalamu.

Wako,
Waandaaji wa mashindano ya gemu, Arusha