Vifaa vya kambi katika nyumba ndogo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wasomaji wanaoishi katika nyumba ndogo, na wanaopenda kupiga kambi au kuendesha baiskeli, kwamba adui mkubwa wa vifaa vyao si uhaba wa nafasi bali ni unyevu. Hema likikunjwa likiwa na maji huota ukungu, na utando wake wa kuzuia mvua huanza kubanduka. Hivyo lianikwe kivulini hadi likauke kabisa ndipo lisukumwe uvunguni. Mfuko wa kulalia nao, ingawa safarini hubanwa ukawa mdogo, usiachwe hivyo kwa miezi, kwa sababu nyuzi au manyoya yaliyomo hushindiliwa na kupoteza uwezo wa kutunza joto. Utiwe katika foronya kubwa na kutumiwa kama mto wa sebuleni, wala mgeni hatatambua. Baiskeli itundikwe kwa kulabu zilizoshika tofali, si lipu tupu. Mitungi midogo ya gesi, hata inayoonekana mitupu, isiwekwe kabatini wala karibu na jiko, bali nje, penye kivuli na hewa.

Msomaji wako