Mjamzito, usiogope mafuta ya damu yakipanda

Mara nyingi tunaliona hapa maabara: mama mjamzito anafungua karatasi ya majibu, macho yanatua kwenye mshale wa juu ulio kando ya neno trigliseridi, yaani aina ya mafuta ya damu, na papo hapo anaamua kuacha kabisa mafuta kwenye chakula. Dada yetu, tafadhali usifanye hivyo kabla hujazungumza na daktari.

Viwango vya kawaida vilivyochapishwa kwenye karatasi hiyo ni vya mtu asiye na mimba. Ujauzito una hesabu yake. Kolesteroli hupanda, na trigliseridi zinaweza kufika mara mbili au tatu ya zilivyokuwa, hasa miezi mitatu ya mwisho. Kolesteroli ni malighafi ya kuta za seli na ya projesteroni, homoni inayoutuliza mji wa mimba. Trigliseridi nazo ni nishati: mimba ikikomaa, mwili wa mama hugeukia kuchoma mafuta ili sukari ya damu imfikie mtoto. Na mtoto anaihitaji kwelikweli. Wiki ya 28 ana takribani kilo 1. Wiki ya 40 anakaribia kilo 3 na nusu. Kipindi hichohicho ubongo wake hujikusanyia kwa wingi DHA, mafuta ya jamii ya omega-3 yanayopita kwenye kondo la nyuma kutoka damu ya mama.

Vitamini zinaingia hapo. A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, na utumbo hauzifyonzi vizuri chakula kikiwa hakina mafuta. Anayeyakata yote anajipunguzia na vitamini hizo.

Kuongeza vidonge kiholela nako kuna hatari, na vitamini A ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Geuza chupa usome lebo. Ikiandika retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari kutumika mwilini, jumla ya siku kutoka vidonge vyote isizidi yuniti (IU) 10,000, kwani kuzidisha mapema katika mimba kunaweza kumletea mtoto kasoro za maumbile. Beta-karotini, ya kwenye mimea ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haina hatari hiyo. Wanaomeza aina mbili za vidonge kwa pamoja ndio hupitiliza bila kujua.

Asidi ya foliki ni mikrogramu 400 kwa siku, na ianze kabla ya kushika mimba. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufungwa takribani siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua kama ni wajawazito. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji dozi kubwa zaidi, ya kuandikiwa na daktari.

Hatusemi kila mshale upuuzwe. Trigliseridi zikivuka miligramu 1,000 kwa desilita, kongosho linaweza kuvimba. Maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika, ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo. Mwenye kisukari, au aliyekuwa akitumia dawa za kushusha kolesteroli kabla ya mimba, amweleze daktari mapema.

Ukija kupima, tuambie kabla ya kutoa damu mimba ina wiki ngapi, na uje na chupa za vidonge vyote unavyomeza. Tutaandika wiki hizo kwenye karatasi ya majibu ili daktari wako ayasome kwa viwango vya mjamzito.