Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: dawa hai mliyotuletea ilifia stoo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Mimi ni mkulima wa nyanya wa hapa bondeni, mama wa watoto wanne. Tangu Aprili nimenyamaza kwa sababu tuliambiwa tuvute subira. Alhamisi iliyopita subira yangu iliishia kwenye benchi la zahanati, nimempakata kijana wangu wa miaka 19, anatapika, mate yanamchuruzika, mboni za macho zimesinyaa kama kichwa cha pini. Alikuwa ametoka kupulizia nyanya zangu. Mganga akaniuliza, amepulizia dawa gani? Nikamwonyesha chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, ndani yake kitu cheupe kama maziwa, haina karatasi wala jina. Ndivyo tunavyopimiwa. Sikuwa na jibu la kumpa mganga, na mtoto wangu amelala pale. Sasa anaendelea vizuri, Mungu ni mwema, ila akishika kikombe mkono bado unamtetemeka.

Kilichompeleka shambani na ile chupa ni kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya. Wewe unamjua kwa jina la kwenye ripoti, sisi tunamjua kwa mabaka meupe kwenye majani. Wenzetu wa Ngarenanyuki kule Arusha walianza kupambana naye mwaka 2014, na jina hilo wakulima ndio waliompa, maana akiingia kwako habari zako zinasambaa. Kipepeo wake ni mdogo, jike mmoja anaweza kutaga mayai 260, na kiwavi akianguliwa anapenya ndani ya jani na kula katikati ya ngozi mbili. Dawa ya kupuliza inapita juu yake. Basi tunaongeza kipimo, tunachanganya dawa mbili, tatu, tunapuliza mara mbili kwa wiki. Wanaosalimika ni wale sugu, na hao ndio wanaozaa.

Naomba nikukumbushe Nane Nane ya mwaka jana. Ulisimama mbele yetu ukasema kata yetu itapunguza sumu. Ukaahidi dawa iliyotengenezwa kwa kuvu, yaani kwa vijidudu hai vinavyoua wadudu, na afisa ugani wa kukaa nasi msimu mzima kwenye shamba darasa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Nilirudi nyumbani nikawaambia wenzangu wa VICOBA kwamba msimu ujao hatukopi tena kwa ajili ya madawa.

Dawa ilikuja kweli, Februari, makatoni matatu. Yakawekwa stoo ya ofisi ya kijiji kusubiri siku ya makabidhiano, na siku hiyo ikasogezwa, ikasogezwa tena, hadi mwisho wa Aprili. Stoo ile imeezekwa bati tupu na haina dirisha. Saa saba mchana mtu mzima hawezi kukaa humo dakika kumi. Tukagawiwa jua likiwa utosini, picha zikapigwa, afisa ugani akatuambia changanyeni kama dawa nyingine, akapanda pikipiki akaenda kijiji cha pili. Simlaumu sana, ana vijiji vingi na mafuta anajinunulia. Nasi tukachanganya kama tunavyochanganya siku zote: bomba moja la lita 16, dawa ya kuvu humo, dawa ya bakajani, ule ugonjwa wa majani, humo, na busta ya kukuzia humo. Tukapulizia mchana ule ule.

Hakufa mdudu hata mmoja.

Mpwa wangu aliyesomea kilimo Morogoro alipokuja Mei alishika kichwa. Akanieleza kwamba unga ule wa kijani ni kuvu anayeitwa Metarhizium, na kila chembe yake ni kama mbegu. Ikimgusa mdudu inaota juu ya ngozi yake, inatoboa, inakua ndani ya mwili, na baada ya siku kadhaa mdudu anakufa, mzoga wake ukapata ukungu wa kijani. Kwa hiyo kuvu ni kiumbe hai. Joto linamuua, na jua kali linamuua juu ya jani, ndiyo maana hupulizwa jioni. Na dawa ya bakajani kazi yake ni kuua kuvu! Tulimtia kwenye bomba moja na adui yake.

Wengine hapa kijijini wanasema tulipewa mzigo uliopitwa na muda. Pakiti yangu ninayo bado, tarehe yake haijapita. Ninavyodhani mimi, dawa ilikufa stoo tangu Machi, na tulichopulizia ulikuwa unga mtupu. Hata kama kuna chembe zilizobaki hai, sisi wenyewe tulizimaliza.

Kinachoniuma kuliko hasara ni maneno ya watu. Sasa kijiji kizima kinasema dawa hizi ni uongo wa wazungu, na wote wamerudi kwenye chupa zisizo na jina. Si uongo. Mwaka 2009 kuvu wa jamii hiyo hiyo alipulizwa kwa helikopta hapa hapa nchini, kando ya Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, nzige wekundu wakadhibitiwa kabla hawajasambaa. Wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, wamemjaribu Metarhizium kwa kantangaze na kuona anafaa. Nchi inaijua kazi hii. Iliyoshindwa ni safari ya kutoka mjini mpaka shambani kwangu.

Mheshimiwa, mama yeyote wa hapa anakijua kisanduku cha chanjo. Muuguzi anakuja nacho begani kina barafu, akikifungua anafunga haraka, na hakuna mtu aliyewahi kukiacha juani akisubiri mgeni rasmi. Tulifundishwa tukaelewa kwamba chanjo ikipata joto haimkingi mtoto. Kwa nini dawa hii hai ije kama mfuko wa saruji?

Nilipoanza kuandika nilitaka nikuombe mengi. Fidia ya nusu ekari niliyokodi, iliyonipa matenga tisa tu. Deni la VICOBA. Ukaguzi wa wanaopima sumu kwenye chupa za maji. Hayo yote bado nayataka, na ya chupa usiyasahau. Lakini miche iko kitaluni, wiki tatu zijazo tunahamishia shambani, na nimesikia makatoni mengine yako njiani.

Kwa hiyo nakuomba jokofu. Ofisi ya kata ina umeme. Jokofu moja lifike pale kabla ya makatoni, dawa ikae humo mpaka jioni ya kugawa, na afisa ugani apewe mafuta ya jioni moja tu, aje saa kumi na moja, ashike bomba mwenyewe, atuonyeshe. Hatuhitaji mgeni rasmi wala picha. Mheshimiwa, jokofu.

Wako mtiifu,
Mama mkulima wa nyanya, bondeni