Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mbolea Kidogo kwa Kila Shimo la Mtama

Ndugu wanachama,

Kwa heshima nawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wakulima wa mtama na uwele hapa Nanyumbu, mkoani Mtwara. Mambo ya ada na vikao yamo katika taarifa za katibu na mhazini, hivyo sitayarudia.

Mashamba yetu mengi ni ya kichanga na yamelimwa miaka mingi bila kupumzishwa, na fedha ya korosho inapoingia huwa imekwisha kupangiwa salfa (dawa ya mikorosho), karo na madeni. Kwa hiyo, hata baada ya serikali kuanza kutoa mbolea ya ruzuku msimu wa 2022/2023, wengi tumeendelea kupanda mtama bila mbolea, tukiamini kwamba asiyemudu ya kutosha ni heri asiweke kabisa. Imani hiyo inatunyima chakula. Huko Niger, Mali na Burkina Faso, ambako mvua ni haba kuliko zetu, majaribio ya ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame, na washirika wake yalitumia gramu 2 tu za DAP (mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi) kwa shimo, au gramu 6 za NPK (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) zinazojaa kizibo cha soda, na mavuno ya uwele na mtama yakapanda kwa karibu nusu, kwingine yakazidi mara mbili.

Sababu yake inaeleweka. Fosforasi, kirutubisho kikuu cha DAP, haisafiri mbali udongoni. Ikirushwa shamba zima, mche mchanga hauifikii na wanaonufaika ni magugu. Ikiwa shimoni, mizizi hukua mapema na kushuka chini kabla ya jua la Februari, ambalo sote tunalijua.

Namna ya kuiweka ndiyo yenye uzito. Udongo ukiwa na unyevu, chimba shimo, tia DAP kiasi kinachoshikwa na vidole vitatu, fukia kwa udongo wa kina cha pingili moja ya kidole, ndipo uweke mbegu, kwa kuwa DAP ikigusana na mbegu huiunguza.

Naomba pia tusinakili hesabu ya Niger, ambako mashimo ni kama 10,000 kwa hekta. Sisi tukipanda kwa sentimita 75 kwa 30 tunapata karibu mashimo 18,000 kwa ekari moja, hivyo gramu 2 kwa shimo ni kilo 36, na mfuko wa kilo 50 unatosha ekari moja na theluthi. Samadi iendelee kupelekwa shambani, maana dozi hii peke yake hairudishi yote ambayo mavuno huondoa, na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, king'olewe kabla hakijatoa maua.

Napendekeza wanachama wenye mashamba madogo waungane kununua mfuko mmoja na kuugawa kwa mizani, na kwamba majina na ukubwa wa mashamba yafikishwe kwa katibu kabla ya mwisho wa Oktoba, ili mbolea iwepo kabla ya mvua za kwanza.

Naomba kuwasilisha.