YAH: MALALAMIKO KUHUSU RUHUSA ZA USIMAMIZI KATIKA MFUMO WENU

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Utaratibu wa kubadilisha mmiliki wa akaunti mliuandika nyie, sina haja ya kuwakumbusha. Barua ya bodi na nyaraka za BRELA (wakala wa usajili wa kampuni) mmezipokea na mkakiri zimetimia. Bado mhasibu wetu mpya anaonekana kwenye orodha kuwa Msimamizi, lakini akibonyeza "Mishahara" anaambiwa "Huna ruhusa". Wa kumpa ruhusa hiyo ni mmiliki wa akaunti, ambaye kwenu bado ni mhasibu aliyeacha kazi, na barua pepe yake ya ofisi tulishaifunga.

Nilipopiga simu niliweka spika ili mhasibu afuate maelekezo. Kijana wenu akanijibu: "Mama, mtafuteni huyo aliyeondoka. Mkigombana na wafanyakazi wenu, sisi tufanyeje?" Akakata simu. Hakuna aliyegombana na mtu. Yule tulimuaga kwa keki.

Jioni yake mkafanya maajabu: badala ya kumpa ruhusa mtu mmoja, mkawapa watumiaji wote. Mtunza stoo ameingia kuhakiki matairi, akakutana na mshahara wa mkurugenzi. Na kabla hata ya simu ile nilishawaandikia kwamba watu wa stoo wasifunguliwe ukurasa huo!

Narudia la simu, maana ujumbe wenu wa "tumelishughulikia" umelikwepa. Mteja aliyelipa ada ya mwaka mzima anaambiwa, ofisi nzima inasikia, kwamba amegombana na watu wake, kisha anakatiwa simu katikati ya sentensi. Wahasibu wakainamia meza zao, hakuna aliyetaka kuniangalia usoni.

Naomba umiliki uhamie kwa mhasibu mpya, wengine warudishiwe ruhusa zao za awali, na nipewe orodha ya kila aliyefungua ukurasa wa mishahara. Kijana yule aombe radhi kwa simu, na spika nitaiweka tena. PAYE, yaani kodi ya mishahara, inatakiwa TRA (Mamlaka ya Mapato) tarehe 7. Adhabu ya kuchelewa, kama ipo, ni yenu. Na kwa kweli, nikiendelea kuandika naona hata ada yetu mturudishie.

Nisipopata majibu ya maandishi kufikia Ijumaa, malalamiko haya yatafika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2022, na wakili wetu ataendelea kutoka hapo.

Wenu,
Meneja Utawala